Kabla Hujaruka, Angalia Utakapoangukia

Leo tunaongea na wewe unayependa kupiga sarakasi, kukwea, kuning'inia na kurukaruka. Yaani wewe ambaye kila siku mama anakupigia kelele, "Utavunjika shingo wewe!" Usiogope, hatutakwambia uache. Mazoezi ni afya, na sarakasi ni mazoezi mazuri sana ya misuli, mapafu, moyo na hata akili. Tunachotaka ni kukufundisha kitu kimoja: jinsi ya kupatazama mahali pa mazoezi ukajua kama panafaa au hapafai. Ni afadhali uyapime hayo kwa macho kuliko kuyapima kwa uti wa mgongo wako.

Watu wa kukwea

Sisi wa pwani, kuanzia Kunduchi na Mbweni, ukapita Mlingotini na Kaole mpaka Bagamoyo mjini, kwenda juu si jambo geni. Mkwezi wa minazi hupanda na kitanzi cha kamba miguuni na panga kiunoni, akaangusha madafu na kushuka. Mnazi wa kawaida uliokomaa unaweza kufika mita 20 na zaidi. Huko juu hakuna wavu wala godoro.

Sarakasi nayo ina historia hapa kwetu. Katika miaka ya 1960 serikali yetu ilipeleka vijana China kujifunza sanaa hiyo. Mwaka 1981 kikaanza Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kwa kifupi TaSUBa. Pale watu hujifunza ngoma, muziki, maigizo, sanaa za ufundi na sarakasi. Si mchezo wa kupoteza muda: mwaka 2024 Watanzania wawili wanaojulikana kama Ramadhani Brothers, wanaobebana kichwa juu ya kichwa, walishinda shindano kubwa la vipaji la televisheni huko Marekani, America's Got Talent: Fantasy League. Kwa hiyo mtu akikwambia sarakasi ni uhuni, una la kumjibu.

Nchi nyingine wana mchezo unaofanana na huu, nao ni kupanda kuta. Watu hujenga ukuta ndani ya jumba, wakaukaza vishikio vya rangi mbalimbali kama mawe ya mlimani, halafu wanaukwea kwa mikono na miguu. Mwaka 1964, katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, mwalimu wa michezo aitwaye Don Robinson aliweka vipande vya mawe kwenye ukuta wa ukumbi mwembamba wa kupitia watu, ili wanafunzi wafanye mazoezi hata siku za mvua. Leo mchezo huo umefika mpaka Olimpiki. Ulichezwa mara ya kwanza Tokyo, katika michezo ya 2020 iliyofanyika mwaka 2021, na Afrika iliwakilishwa na vijana wawili wa Afrika Kusini, Erin Sterkenburg na Christopher Cosser. Jirani zetu wa Kenya nao hupanda majabali kwa kamba huko Lukenya na Hell's Gate.

Sasa mkwezi wa Kaole, mwanasarakasi wa Bagamoyo na mpanda ukuta wa Leeds wanafanana nini? Wahenga walishasema: mpanda ngazi hushuka. Kila anayekwenda juu atarudi chini. Suala ni atarudi vipi, na kwa kasi gani. Ukumbi mzuri ni ule uliojiandaa kwa ajili ya kurudi chini.

JAMBO LA KWANZA: CHINI KUNA NINI?

Watu wengi wakiingia mahali pa mazoezi hutazama juu. Wanatazama kamba, vyuma, picha za ukutani, na mwalimu mwenye misuli. Wewe tazama chini kwanza.

Hebu tutumie fizikia kidogo, ile mnayosoma darasani. Ukianguka kutoka kimo cha mita 1.5, unafika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa. Kutoka mita 3, ni karibu kilomita 28 kwa saa. Kutoka mita 15, yaani kwenye mnazi wa kati tu, ni kilomita 60 na ushee kwa saa. Huo ni mwendo wa gari barabarani, na wewe huna bodi wala mkanda.

Lakini kuanguka peke yake hakuumizi. Kinachoumiza ni kusimama ghafla. Hapa ipo hesabu rahisi: chukua kimo ulichoanguka, ugawe kwa umbali ambao mwili wako unapata kupunguza mwendo pale chini. Jibu linakupa, kwa kukisia, mara ngapi uzito wako utakugonga.

Tuseme una kilo 50 na umeanguka mita 3. Ukiangukia sakafu ya saruji, mwili unapata labda sentimita 3 tu za kusimama. Sentimita 300 gawa kwa 3 ni 100. Maana yake kwa kitambo kidogo sana umegongwa na kitu sawa na tani 5. Ukiangukia godoro nene linalobonyea sentimita 30, jibu ni 10, yaani kilo 500. Bado ni nyingi, lakini mwili ulioandaliwa unaweza kuzihimili. Mtu ni yuleyule, kimo ni kilekile. Kilichobadilika ni cha chini tu.

Sasa utauliza, mbona tunaruka kutoka juu ya ukuta wa shule kila siku na hatuvunjiki? Kwa sababu mnatua kwa miguu. Kifundo, goti na nyonga vinakunjika, na huko kukunjika ndiko kunakurefushia umbali wa kusimama. Shingo haina goti. Ukitua kwa kichwa au mgongo hakuna cha kukunja. Ndiyo maana mruko wowote unaokupindua kichwa chini miguu juu, kama samasoti, unahitaji mahali laini kuliko mruko wa kawaida, hata kama kimo ni kidogo.

Vipi kuhusu mchanga wa ufukweni? Mchanga ni rafiki, lakini ana tabia mbili. Mchanga mkavu uliotifuliwa, wenye kina cha sentimita 30 hivi, unabonyea vizuri. Maji yakikupwa, ule mchanga wa chini uliolowa na kushikana ni mgumu karibu kama barabara. Vijana wengi wanaupenda kwa sababu unasukuma vizuri wakati wa kukimbia. Sawa, kimbilia hapo, lakini utue kwenye mchanga laini. Na kabla ya yote, pita na reki au hata fimbo, uangalie kama kuna vipande vya chupa, kombe, misumari ya mitumbwi na miti iliyozikwa.

Kama ni godoro, likanyage kwa kisigino. Ukihisi sakafu, godoro limekufa. Angalia pia maungio. Magodoro mawili yaliyoachana kidogo ni mtego: mguu unaingia katikati na kifundo kinapinda. Tena magodoro yafike mbali kuzunguka mahali pa kuruka, maana hakuna anayeanguka pale alipopanga kuangukia.

JAMBO LA PILI: NANI ANAKUANGALIA?

Kwenye kuta za kupanda kuna utaratibu mzuri wa kuigwa. Kuta fupi, za mita 4 hivi, huwa na magodoro mazito chini. Kuta ndefu zaidi, mpandaji hufungwa kamba, na mwenzake aliyeko chini anaishika kupitia kifaa kinachoikaba akianguka. Kabla ya kupanda, wawili hao hukaguana: wewe unaangalia fundo langu na mkanda wangu, mimi naangalia vya kwako. Hata bingwa hukaguliwa. Na ukumbi mzuri hauruhusu mgeni amshikie mtu kamba mpaka aonyeshe kwamba anajua.

Mtaani kwetu tunasema mshikaji tukimaanisha rafiki. Basi kwenye sarakasi mshikaji wa kweli ni yule anayekushika. Anasimama karibu na wewe, miguu imara, macho kwenye mwili wako wala si kwenye simu yake. Kazi yake si kukubeba kama mzigo. Kazi yake ni kuhakikisha kichwa na shingo havitangulii chini.

Mwalimu mzuri utamtambua kwa mambo haya:

- Anakuuliza kwanza kama umewahi kuumia, kama una pumu, kifafa, selimundu au tatizo la moyo. Kuwa na hali hiyo hakumaanishi huruhusiwi kucheza. Maana yake ni kwamba mpango wako uwe tofauti, na umwone daktari kwanza.
- Anawapasha moto misuli angalau dakika 10 kabla ya kitu chochote.
- Akikuona umechoka anakusimamisha. Mwili uliochoka unachelewa kujipanga hewani, na ajali haihitaji zaidi ya nusu sekunde.
- Akisema "hapana, bado" hamaanishi anakuonea wivu.
- Hakudhihaki ukiogopa. Woga ni taarifa. Wakati mwingine woga wako una akili kuliko marafiki zako.

Hilo la mwisho tulizungumze vizuri. Ajali nyingi za vijana huanza na maneno matatu: "Huwezi wewe, muoga." Halafu watu wanakusanyika, mmoja anatoa simu arekodi, na wewe unajikuta unafanya kitu ambacho jana hukuwa unakijua. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mrukaji akishangiliwa huruka asichokiweza. Makofi hayajawahi kumdaka mtu.

JAMBO LA TATU: NGAZI ZA KUJIFUNZA

Ukumbi mzuri una ngazi, na hakuna anayeruka ngazi. Kwa mfano, samasoti ya mbele haianzi na samasoti. Inaanza na kujifunza kuanguka: kutua kwa miguu miwili, kukunja magoti, kubingirika kwa bega badala ya kunyoosha mkono. Ukinyoosha mkono kujizuia, kiganja kinapokea uzito wote na mfupa wa juu ya kiwiko au wa karibu na kifundo cha mkono unavunjika. Baada ya kuanguka, unajifunza kubingirika chini. Kisha kusimama kwa mikono ukiegemea ukuta. Kisha kuruka juu na kujikunja bila kupinduka. Halafu ndiyo unapinduka, ukishikwa na watu wawili, kwenye mahali laini. Hiyo ni kazi ya wiki na miezi.

Kwa piramidi ya watu vilevile. Walio chini wawe wenye nguvu zaidi, na walio juu wasimame juu ya nyonga na mabega ya mwenzao, wala si katikati ya mgongo. Muwe na neno moja la kusema pindi mtu akihisi maumivu, na likisemwa wote wanashuka, wa juu kwanza. Hakuna kubishana.

Kuna jambo la kibaolojia linalowahusu ninyi hasa. Mifupa yenu bado inarefuka. Karibu na ncha za mifupa mirefu kuna sehemu laini za ukuaji, na hizo huwa dhaifu kuliko mfupa wenyewe. Kwa wasichana wengi hufunga kati ya miaka 14 na 16, kwa wavulana kati ya 16 na 18 hivi. Zikiumizwa, mfupa unaweza kukua kombo au kuacha kurefuka. Wapanda kuta vijana huumia zaidi vidoleni kwa sababu hiyo, na wanasarakasi huumia kwenye vifundo vya mikono. Kwa hiyo maumivu ya kiungo yasiyoisha kwa siku kadhaa usiyaite "mazoezi yanaingia". Pumzika, na ukapimwe hospitali.

JAMBO LA NNE: JENGO NA VIFAA

Hapa sasa unaweza kutazama juu.

Chumvi ya bahari inakula chuma. Sote tunaona mabati na nondo za nyumba za pwani zinavyoliwa. Kule Railay, Thailand, ambako watu hupanda majabali yaliyo kando ya bahari, vyuma vya kawaida vilivyopigiliwa kwenye miamba vilikuwa vikikatika bila kuonyesha dalili kubwa, mpaka wakaanza kutumia titani. Kwa hiyo hapa kwetu kila ndoano, nyororo na boliti iliyobeba mtu inatakiwa kukaguliwa mara kwa mara. Ukiona kutu inadondoka kama unga, usining'inie.

Kamba nayo inazeeka. Jua linaikausha, mchanga unaingia ndani na kuikata nyuzi taratibu, panya wanaitafuna. Ipitishe mkononi yote. Ukisikia mahali pembamba, pagumu au penye nyuzi zilizokatika, hiyo ni kamba ya kuanikia nguo sasa. Na kamba ya katani iliyonunuliwa kwa kufunga mizigo haikutengenezwa kwa ajili ya mtu anayeanguka.

Matairi ya kurukia, yale yanayofukiwa nusu ardhini, yaangaliwe kama nyaya zimetoka nje, na kama yametuamisha maji. Maji yaliyotuama ndani ya tairi ni nyumba ya mbu wanaoeneza dengi.

Jengo lenyewe liwe na hewa. Pwani yetu ina joto la unyevunyevu, jasho halikauki upesi, na mwili unashindwa kujipoza. Fanyeni mazoezi asubuhi au jioni, na maji ya kunywa yawepo kila wakati. Madafu ni mazuri pia. Mwezi wa Ramadhani, kwa anayefunga, mazoezi mazito yangoje baada ya futari. Mchana fanya kunyoosha viungo tu. Kizunguzungu ukiwa juu ya mabega ya mtu ni hatari kwenu wote wawili.

Halafu hesabu milango. Mwaka 2002 ukumbi wa zamani wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, uliokuwa na paa la makuti, uliteketea kwa moto. Makuti ni mazuri na yana ubaridi, lakini ukumbi unaojaza watu uwe na njia zaidi ya moja ya kutokea, na zisifungwe kwa kufuli wala kuzibwa na vyombo.

JAMBO LA TANO: USAFI

Mahali ambapo watu 20 wanajibingirisha jasho likiwatoka, fangasi nao wanajiona wako peponi. Magodoro yafutwe kwa maji ya sabuni na kuanikwa juani. Kila mtu na taulo lake. Oga baada ya mazoezi, kausha katikati ya vidole.

Na damu je? Vijana wengi wanatuuliza kama unaweza kupata Virusi vya UKIMWI kwenye michezo. Uwezekano ni mdogo mno. Virusi haviambukizwi kwa jasho, kushikana wala kubebana. Hata hivyo, kidonda kifunikwe kabla ya kuingia uwanjani, anayetoka damu atoke nje mpaka ikatike, na damu iliyomwagika ifutwe kwa mtu aliyevaa mipira ya mikono, kwa maji yenye dawa ya kuulia vijidudu. Taratibu hizo hizo zinakulinda na homa ya ini pia. Ukichomwa na msumari, osha sana kwa maji na sabuni, kisha nenda zahanati waangalie kama unahitaji sindano ya pepopunda.

JAMBO LA SITA: HESHIMA

Ukumbi unaweza kuwa na magodoro ya bei mbaya na bado usifae. Angalia wasichana wanavyotendewa. Je, wapo? Wanafundishwa au wanaambiwa wakae wapige makofi? Sarakasi haimwondolei msichana ubikira wake wala haimharibu kizazi. Hedhi si ugonjwa. Anayejisikia vizuri afanye mazoezi, na pawepo choo safi chenye maji na mlango unaofungwa. Anayevaa hijabu aendelee kuivaa. Aichomeke ndani ya fulana, aifunge bila pini.

Sarakasi haiwezekani bila kugusana. Mwalimu atakushika kiuno, mgongo, mabega. Lakini mwalimu mwenye nidhamu anakwambia kwanza atakushika wapi na kwa nini, na anafanya hivyo mbele ya watu. Anayekuita peke yako usiku, anayekugusa sehemu za siri, anayekwambia nafasi ya kwenda kwenye onyesho inapatikana "kwa mazungumzo", huyo si mwalimu. Hilo ni kosa kwa mujibu wa sheria. Rushwa ya ngono imekatazwa katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Mwambie mzazi au mwalimu unayemwamini, au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo ni ya bure. Hilo ni kwa wavulana pia.

AJALI IKITOKEA

Ukumbi mzuri unajua la kufanya kabla ajali haijatokea. Waulize: "Mtu akianguka vibaya, mnafanyaje?" Wakicheka, umeshapata jibu.

Shingo ina mifupa 7, na ndani yake unapita uti wa neva wenye unene wa kidole kidogo hivi. Mifupa ikivunjika inaunga. Uti wa neva ukikatika hauungi. Mtu anaweza kupooza miguu, mikono, na kushindwa kuzuia mkojo maisha yake yote. Wakati mwingine mfupa umevunjika lakini uti uko salama, halafu marafiki wenye huruma wanamwinua, wanamkalisha, wanampakia kwenye bodaboda. Hapo ndipo uti unapokatika.

Kwa hiyo aliyeangukia kichwa, shingo au mgongo, fanya hivi:

1. Usimwinue. Mwambie asitikise kichwa. Mtu mmoja apige magoti nyuma ya kichwa chake, akishikilie kwa mikono miwili kibaki kimenyooka na mwili.
2. Angalia kama anapumua. Kama hapumui, kuokoa pumzi kunatangulia yote: msukume taya mbele bila kupinda shingo, na anayejua kukandamiza kifua aanze.
3. Akitapika au kama hana fahamu, mgeuzeni ubavu watu wanne kwa pamoja, kichwa na mwili vikizunguka kama gogo moja.
4. Tafuteni gari ambalo mtu anaweza kulala. Mbebeni juu ya kitu kigumu na bapa, kama ubao mpana au mlango. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana kwa namba 114.
5. Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo ndiyo ya karibu kwa wengi wetu wa huku. Kesi nzito hupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam, kiasi cha kilomita 70 kutoka Bagamoyo.

Aliyegonga kichwa akazinduka, hata kama anasema yuko fiti, asirudi kwenye mazoezi siku hiyo. Akiumwa kichwa kinachozidi, akitapika, akichanganyikiwa, akiona vitu viwiliviwili au akisinzia isivyo kawaida, hospitali mara moja. Mfupa uliovunjika ufungwe na kipande cha ubao kama ulivyo, bila kuuvuta wala kuuchua. Na kiungo kilichoteguka kipate mapumziko, maji baridi, bandeji isiyobana sana, na kiinuliwe juu.

KAMA HATUNA UKUMBI JE?

Wengi wenu mtasema, "Haya yote mazuri, lakini shuleni kwetu hata kamba hatuna." Sawa. Lakini shule nyingi zina shimo la mchanga la kuruka chini. Likitifuliwa kwa jembe kabla ya kila zoezi, mkaondoa mawe na kuongeza mchanga, mnapata mahali pa kutulia pazuri kuliko ukumbi wa sakafu ya saruji. Magunia yaliyoshonwa na kujazwa vipande vya sponji au usumba wa nazi ni godoro. Usumba huku kwetu haununuliwi. Mnachohitaji zaidi ni mtu mzima anayejua kazi, zamu ya kukagua, na ujasiri wa kusema "leo haturuki" mchanga ukiwa umelowa.

JIPIME: MASWALI KUMI MLANGONI

1. Pa kutulia panabonyea?
2. Pamezungushwa mbali vya kutosha, bila nguzo wala kona kali karibu?
3. Kuna anayekagua kabla ya kuanza?
4. Mwalimu ameuliza habari za afya yangu?
5. Tunapasha moto misuli?
6. Kuna ngazi za kujifunza, au kila mtu anaruka anachotaka?
7. Kamba na vyuma ni vizima?
8. Kuna maji, choo na sanduku la huduma ya kwanza?
9. Wasichana wanaheshimiwa?
10. Naweza kusema "hapana" bila kuchekwa?

Swali la 1, la 3, la 9 na la 10 hayana mjadala. Hata moja likijibiwa "hapana", chukua viatu vyako uende zako. Mengine mnaweza kuyarekebisha pamoja na mwalimu.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

- Kijana wa kilo 60 anaanguka kutoka mita 2 na godoro linabonyea sentimita 20. Atagongwa na mara ngapi ya uzito wake? Na kama godoro limekufa, linabonyea sentimita 4 tu?
- Rafiki yako anataka kupiga samasoti ya nyuma kwenye lami ili arekodiwe. Utamwambiaje bila kumuaibisha mbele za watu?
- Kwa nini wakwezi wazoefu hawapandi minazi mvua ikinyesha? Nendeni mkamuulize mkwezi mmoja wa mtaani kwenu, mwandike majibu yake.

Wiki hii fanya jambo moja tu. Nenda pale unapofanyia mazoezi kila siku, kabla wenzako hawajafika, ukakanyage kwa kisigino pale unapotulia. Kisigino kikigonga kitu kigumu, wasubiri wenzako na jembe mkononi. Mruko utafuata baadaye.